Anasema Kumangwetu

Kwenye Noah ya Newala, Ziada alitega sikio. Nyuma yake wazee wawili walikuwa wakimsifu mpiga roki wa Kizungu aliyefariki juzi.

"Wimbo wangu mimi ni ule wa 'kumangwetu'," alisema Mzee Bwanali. "Anatuita nyumbani kwetu, kwa lugha yetu, Chiyao kabisa!"

Mwenzake Optatus akacheka. "Wewe Bwanali! Anasema 'kamu endi geti yu', nakuja kukuchukua. Kiingereza hicho."

"Yaani niliacha kazi Dar, nikarudi nyumbani nikamuwahi mama yangu akiwa hai, kwa kuitwa na Kiingereza nisichokijua?"

Optatus akautafuta wimbo kwenye simu, akauwasha. Ziada, Mmakonde asiyejua Chiyao wala Kiingereza, alijiona hakimu anayefaa.

Gari likasimama Mkunya, kwao Bwanali. Mzee hakushuka, akapaza sauti.

"Dereva, zima injini kidogo. Anakaribia kulisema neno lile."