Gego Alilomtunzia Binti Yake

Huyu tunayemzika leo mlimjua kwa jina la Daktari Achama, kwa sababu neno hilo lilitangulia kila salamu yake. Hata aliyekutana naye sokoni hakuulizwa habari za nyumbani kabla ya kuambiwa, "Hebu achama kidogo nione." Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kumfuata. Familia imekubaliana kwamba usifiche kilichomuua, kwa kuwa kilikuwa kidogo, kilionekana mapema, na dawa yake ilikuwepo.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, katika chumba cha uani nyuma ya banda la baba yake, fundi wa baiskeli. Alijua kubandika kiraka kabla ya kujua kusoma. Akiwa na miaka minane, alitaka kumridhisha mteja mwenye haraka zake, akabandika kiraka juu ya mpira ambao haujasuguliwa wala kukaushwa. Haikupita muda mteja akarudi akiikokota baiskeli na kutukana njia nzima. Baba hakumchapa. Alimwambia tu, "Ukifunika uchafu, umeujengea nyumba." Marehemu aliyarudia maneno hayo maisha yake yote, na sisi tuliochoka kuyasikia hatukujua kwamba yalikuwa yanamngoja yeye.

Alisoma shule ya msingi iliyo mkabala na stesheni ya reli kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wavulana hadi 1978. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha tiba ya meno, akahitimu Novemba 1983. Hapo ndipo ilipoanzia ile desturi iliyotufikisha hapa makaburini. Mwalimu wake, mzee mkali ambaye wanafunzi walimwita Koleo, alikuwa na jino bovu alilolihifadhi kwa makusudi. Siku ya kufuzu alijilaza kwenye kiti, akamkabidhi mwanafunzi wake kioo na sindano ya ganzi, akasema, "Anza na mimi. Ukiweza kumtibu mtu unayemwogopa, hakuna atakayekushinda." Marehemu alisafisha mzizi na kuziba, na mzee akautumia upande ule kutafunia mpaka mwisho wa maisha yake. Kuanzia hapo marehemu aliapa kwamba yeyote atakayemlea katika kazi hii, mgonjwa wake wa kwanza atakuwa yeye mwenyewe.

Kliniki yake aliifungua Mei 1985, vyumba viwili juu ya duka la vioo. Wengi wenu mlizipanda ngazi zile nyembamba mkiwa mmeshika shavu. Kuna dereva wa lori aliyeingia pale akiwa amewaka: "Ng'oa tu, dokta, nina safari." Marehemu akamjibu, "Jino si mwiba. Achama." Kisha akamweleza taratibu, kama alivyomweleza kila mtu: tundu dogo linazibwa, uozo ukifika ndani, mzizi unasafishwa ndipo unazibwa, jino lililobaki dhaifu linavikwa kofia ngumu lisije likapasuka, na likiwa limekwenda kabisa, majirani zake wawili wanabebeshwa daraja lenye jino la bandia, au mtu anatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. "Kung'oa ni neno la mwisho," alisema, "na mimi sipendi maneno ya mwisho." Dereva huyo yuko nasi leo, na jino lake analo. Onyo moja hakusahau kulitoa kwa mgonjwa yeyote. "Jino linalopiga kelele bado lina uhai," alisema. "Likinyamaza lenyewe, bila kutibiwa, hapo ndipo uogope."

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa na kazi mtaa wa pili. Mwanamke huyo alikuja kliniki na jino la mbele lililomeguka kwa kukata uzi. Likazibwa. Akarudi. "Uzi tena, dokta." Likazibwa. Aliporudi mara ya tatu, marehemu alimwekea mkasi mezani na kumwambia kwamba hataki kumwona tena kwa sababu ya jino, bali kwa sababu nyingine yoyote atakayoipenda. Mkasi huo uko kwenye cherehani mpaka sasa. Walijaliwa watoto wawili: mvulana, ambaye leo ni fundi wa lifti, na kitinda mimba wao, binti aliyemfuata baba yake katika meno.

Novemba mwaka jana gego lake la chini, upande wa kushoto, lilianza kumuuma. Akapiga picha. Kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cheusi, na muuguzi wake wa miaka mingi alikiona pia.

"Dokta, kaa kwenye kiti nimwite mwenzako wa ng'ambo ya barabara."

"Hili lina mwenyewe," akajibu.

Mwenyewe alikuwa binti yake, aliyebakiza mwaka wa mwisho chuoni. Marehemu alijiwekea dawa ya muda, akafunika juu, akaingia kumhudumia mgonjwa aliyefuata. Kwenye simu alimwambia binti, "Nimekuwekea zawadi ya kufuzu." Binti alidhani ni kiti kipya, akawatambia wenzake.

Akawa anatafunia upande mmoja. Vidonge vya maumivu vikawa havikosekani katika mfuko wa shati lolote alilovaa. Mkewe alimsihi, alimnunia, alimfokea. "Mganga hajigangi, sawa. Hata wa kukuganga unamkataa?"

"Mama nanihii, ni miezi michache tu. Ahadi ni deni."

Jumapili, tarehe 2 Juni, aliamka akiimba. Alikunywa chai ya moto bila kuukwepa upande wa kushoto, akacheka. "Limenyamaza," alisema. Mkewe alikuwa anashona, na mguu wake ukaganda kwenye cherehani. Kwa miaka mingi alikuwa amemsikia akiwaeleza watu maana ya ukimya huo.

"Baba watoto, si wewe unayesema likinyamaza mtu aogope?"

"La kwangu ni tofauti."

Hakuna mgonjwa aliyewahi kuruhusiwa kutamka maneno hayo kwenye kiti chake.

Jumatano uvimbe ulitokea chini ya taya. Kufikia jioni shingo ilikuwa ngumu kama ubao, sauti imebadilika, mate hayamezeki. Katika chumba cha dharura, daktari kijana ambaye hakumjua alimulika tochi na kumwambia, "Mzee, achama." Hakuweza. Meno yaliachana kwa upana wa ukucha tu. Muuguzi wake, aliyemsindikiza, aligeukia ukutani. Madaktari walimpasua shingo kuutoa usaha na kumwekea mpira wa kupumulia, lakini uchafu ulikuwa umeshashuka kifuani.

Binti alifika asubuhi ya Ijumaa na matokeo yake. "Nimefaulu, baba." Marehemu hakuweza kusema. Aliinua kidole, akagusa shavu la kushoto, kisha akamwelekezea yeye. Hapo ndipo binti alipoijua zawadi yake. Kaka alifariki siku hiyohiyo, tarehe 7 Juni 2024, saa saba mchana. Tunampenda, na tumemkasirikia, na vyote viwili tunavizika naye leo.

Ameacha mjane, mwana, binti, wajukuu wawili, muuguzi ambaye kwetu ni dada, na mdogo wake huyu anayesoma.

Kama maneno ya msomaji yanatoka upande, mtamwia radhi. Asubuhi ya leo, waombolezaji wakiwa wanapanga viti, binti alimwona baba yake mdogo, huyu anayesoma, ameshika shavu.

"Ba'mdogo, achama."

"Jino tu hili, mwanangu. Tutaliona baada ya mazishi."

"Hapana. Hiyo 'baada' ndiyo iliyomuua baba."

Akampandisha ngazi zile, na daktari wa ng'ambo ya barabara akasimama nyuma yake kumwangalia. Binti alisafisha mpaka mwisho wa mzizi, akahakikisha, ndipo akaziba. Hilo ndilo jino la kwanza alilolitibu, na ganzi yake bado haijaisha mdomoni mwa msomaji.

Lala salama, kaka. Na yeyote kati yetu mwenye jino linalomuuma, au lililonyamaza, asilale nalo leo.