Mzee Mshumaa na Pipa la Mkewe

Waombolezaji wenzetu, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, tumenyonya ziwa moja, na familia imenikabidhi kuwasomea maisha yake, ingawa wanajua domo langu halina breki, basi nikipotea njia mnivumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Mshumaa, alizaliwa tarehe 11 Juni 1948, kifungua mimba wa wazazi wetu, katika nyumba ile ile ya mawe alikotoka asubuhi hii akiwa amebebwa. Alianza shule ya msingi mwaka 1956 na kuiacha mwaka 1963, si kwa kukosa akili, bali baba yetu alipatwa na kiharusi, na mizabibu haimngoji mtu apone.

Akaishika kazi akiwa kijana mbichi, akajua kwamba mzabibu usiopogolewa huota majani ya kupendeza macho na zabibu za kulisha ndege, kwamba tawi hukatwa likaachiwa vijicho viwili tu vya kuchipua, na kwamba likikatwa hudondosha maji kama mtu anayelia, nami nilipomwuliza kama mti unaumia aliniambia nikate, niache porojo. Kuanzia mwaka 1970 alikamua zabibu zake mwenyewe na kutengeneza divai katika chumba cha chini ya nyumba.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwanamke aliyempita kwa urefu kichwa kizima, jambo tulilomtania hadi tukachoka wenyewe, na tarehe 2 Februari 1977 wakajaliwa mtoto wao wa pekee, binti huyu aliyekaa hapa mbele.

Sasa juisi ya zabibu inapochachuka hutoa hewa nzito, isiyoonekana, inayojilaza sakafuni na kumwua mtu kimya kimya, ndiyo maana kwetu hakuna anayeshuka chumba kile bila mshumaa uliowashwa, ukizimika unarudi nyuma. Marehemu alimfundisha mkewe hivyo, ila hakumwambia kwamba mshumaa hushikwa chini, usawa wa goti, kwa kuwa yeye ni mfupi na mkono wake ulikuwa chini siku zote, hakuwahi kulifikiria hilo. Tarehe 19 Agosti 1983, yeye akiwa shambani anakimbizana na mvua, mkewe alishuka kuyazamisha kwa mwiko maganda yanayoelea juu ya juisi, mshumaa kaushika kifuani, unawaka vizuri, akauweka kwenye rafu, mwiko ukamponyoka, akainama kuuokota, asiinuke tena. Mumewe alimkuta mkono ukiwa juu ya mwiko, na pale rafuni mshumaa bado unawaka.

Divai ya siku ile hakuimwaga wala hakumwonjesha mtu, aliitia katika pipa la peke yake, na kwa kuwa mbao hunywa, na pipa likipungua hewa huingia na divai ikawa siki, kila mwisho wa mwezi alishuka kulijaza kwa divai nyingine. Alishuka na mshumaa usawa wa goti, akazoea kutembea hivyo hata ukumbini, nanyi mkampa jina mkicheka. Mlangoni alipiga hodi, akasubiri, ndipo akaingia, na siku nilipomwuliza anamsubiri nani alinijibu nisiwe na haraka, shemeji yako mpaka afunge kitambaa kichwani. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Tarehe 3 Machi mwaka huu mapafu yalimzidi, tukamlaza hospitali, na ufunguo wa chumba kile, ambao ni mmoja tu, ukabaki shingoni mwake. Hakuuliza habari za shamba wala za mtu, kila tulipofika aliuliza nani atalijaza pipa, kwani likiwa siki, alisema, mama wa watu atakuwa hana pa kukaa. Binti yake, ambaye tangu msiba ule hakuwahi kuzikanyaga ngazi zile, alimwambia, huku analia, kwamba atamfanyia lolote isipokuwa hilo, naye akamwambia basi mwanangu, usijilazimishe, nitazungumza naye mimi. Mwisho wa mwezi ukapita bila yeyote kati yetu kushuka, na alfajiri ya tarehe 9 Aprili akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule aliyemwachia ufunguo wake bila kumcheka, majirani mliotuletea viti na kuni, na wakamuaji zabibu wenzake mliobeba jeneza.

Nimalizie kwa neno la binti. Jana alivishwa ufunguo ule, akawasha mshumaa, akaushika usawa wa goti, akashuka, mimi nyuma yake nimeshika upindo wa gauni lake, mtu mzima na mvi zangu. Akapiga hodi, akasubiri kama baba yake, akafungua, akang'oa kizibo akijua atakuta pipa limepungua. Lilikuwa limejaa hadi mdomoni, na mbao kuzunguka kizibo bado zina majimaji. Ameniomba nikuambie, kaka, kwa maneno yake mwenyewe, nami nakuambia: baba, pipa limejaa, na si mimi niliyelijaza, sasa nenda ukapumzike kwa amani.