Fundi Timotheo na Jiko la Rebeka

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Mikumi mliofunga safari mpaka hapa Chanzuru, na ninyi mafundi mlioacha randa zenu mezani kwa ajili ya mwenzenu, maisha ya marehemu yatasomwa na mdogo wake wa tumbo moja, Magreti, ambaye familia inafahamu kwamba hajui kufupisha wala kuficha, na ikamchagua hivyo hivyo, kwa hiyo mtavumilia.

Marehemu Timotheo Yared Chilongola alizaliwa tarehe 2 Machi 1958 hapa Chanzuru, wilayani Kilosa, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa baba aliyeshuka kutoka milimani kutafuta shamba la tambarare, na mama aliyeimba kanisani mpaka meno yalipomwishia. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na walimu wake, Mungu awarehemu, walimchapa mara nyingi kwa kosa moja tu, la kupindua madawati ili aone yameungwaje kwa chini. Mwaka 1974 baba alimpeleka milimani kwa mzee Nikolaus, fundi wa misheni, akajifunza useremala miaka mitatu, akarudi akiwa mpole, mwenye maneno machache, na kidole kimoja kifupi kuliko alivyoondoka nacho.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika karakana moja ya Kilosa mjini, akatengeneza vitanda, milango na majeneza, na mwaka 1986 akahamia Mikumi, akafungua banda lake kando ya barabara kuu, ambako kwa miaka mingi aliendelea na vitanda na milango. Kuanzia mwaka 2003 watu walipoanza kujenga nyumba zenye jiko la ndani, fundi Timotheo akawa mtu wa makabati ya jikoni, na hapo ndipo Mungu alipokuwa amemkusudia tangu mwanzo.

Wapo waliodhani kazi hiyo ni kupima ukuta na kupigilia misumari, lakini kwake kazi ilianza siku nyingi kabla ya msumeno. Aliingia kwenye nyumba ya mtu akaangalia kwanza sakafu, iwe ya simenti nyekundu, terazo au vigae, akaangalia milango na dari, akapapasa jiwe la kaunta, kisha akasema kwamba vyote hivyo ni wakubwa, vimetangulia nyumbani, na kabati linaloingia nyuma yao lazima liseme shikamoo. Alisema mbao za kabati ama zifanane kabisa na mlango, ama ziachane nao waziwazi, kwa sababu zikikaribiana bila kulingana zinaonekana kama ndugu waliogombana wakakalishwa benchi moja. Alikuwa akipaka vanishi vipande vitatu vya mbao, cheusi, cha kati na cheupe, akaviegemeza ukutani juu ya sakafu, akakaa navyo tangu asubuhi mpaka jioni kuona jua linavifanyaje, na hakukata ubao hata mmoja mpaka mwenye kupika katika nyumba ile ameshika kipande kwa mkono wake mwenyewe akasema ni hiki. Waume waliojaribu kuwachagulia wake zao aliwaambia kwa heshima zote wakachague rangi ya pikipiki.

Tarehe 14 Desemba 1985 marehemu alifunga ndoa takatifu Kilosa na Rebeka Samson, binti wa Ulaya, kijiji cha huku huku Kilosa wala si ng'ambo ya bahari, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, wakajaliwa watoto wawili, Yared, aliyezaliwa mwaka 1986 na kututoka mwaka 1991, na Happyness, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1990, ambaye leo ni mwalimu na yupo hapa mbele yenu. Waliishi kwa upendo, lakini wahenga walisema mganga hajigangi, na fundi huyu aliyewapambia wenzake majiko Mikumi nzima, mke wake alipika nje kwenye mafiga matatu, mvua ikinyesha anashika sufuria kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mwingine. Kila mwaka alimwahidi, na kila mwaka wateja walimtangulia, na Rebeka akacheka, mpaka ikafika siku hakucheka tena.

Mwezi Mei 2011 Rebeka alikwenda Ulaya kumuuguza mama yake, na marehemu akaona ndio wakati wa kumshangaza, akajenga, katika chumba cha jiko kilichokaa kitupu miaka yote, makabati ya mninga yaliyopatana na milango yao na sakafu yao nyekundu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumuuliza mpishi rangi. Yalipokamilika, Happyness, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, hakuweza kujizuia, akampigia mama yake simu akamweleza kila mlango na kila kitasa. Tarehe 13 Agosti akaja mtu mwenye nyumba ya kulala wageni, anafungua Jumatatu, fundi wake amemkimbia, akayaona makabati yale ukutani, akaomba, akabembeleza, akakaribia kupiga magoti. Loo, kaka yetu hakujua kusema hapana! Alifungua skrubu moja moja, akayapakia, akijiambia kwamba Rebeka atarudi Septemba na atakuwa ameshatengeneza mengine.

Rebeka alirudi tarehe 20 Agosti, bila kutoa taarifa, ameongozana na wanawake wawili wa Ulaya aliowaleta kwa nauli yake waje kuliona jiko lake, akawafungulia mlango kwa furaha, wakakuta ukuta una matundu. Hakugomba. Aliwachemshia wageni chai kule kule nje kwenye mafiga, akawatandikia wakalala, na kulipokucha akawasindikiza stendi, akapanda nao gari.

Makabati yenyewe, kwa wale wanaopenda kujua, hayakupendeza kule yalikokwenda, kwenye vigae vyeupe na jiwe jeusi, yakang'olewa kabla ya miaka miwili.

Wazee wa familia walikwenda Ulaya kusuluhisha mwaka 2012, mwaka 2014 na mwaka 2017, na mara zote walirudi na jibu lile lile, kwamba Rebeka hana kinyongo na mumewe, ila harudi mpaka asikie jiko limesimama, kwa sababu ahadi ameshashiba. Marehemu naye alikuwa amenunua mbao kumi na nne za mninga, akazipanga jikoni penyewe zikakauka mpaka ukizigonga zinalia, lakini akaapa kwamba kosa halirudii, hakati hata ubao mmoja mpaka mkewe aje achague rangi. Mmoja anasema jenga nije, mwingine anasema njoo nijenge. Magreti aliwaambia wote wawili kwamba ni wajinga, aliwaambia kwa simu na kwa mdomo, na hakuna aliyemsikiliza. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, marehemu alifunga vipande vitatu vya mbao kwenye gazeti akampa dereva wa gari la Ulaya, na hakuna jibu lililorudi. Mwaka 2018 alikwenda kumzika mama mkwe, akakaa upande wa wanaume, na wakati wa kuagana alimuuliza mkewe kama vile vipande vinafika, Rebeka akasema vinafika, basi, wakaishia hapo.

Miaka hiyo, ndugu zangu, isomwe kama ilivyokuwa, ilikuwa ya upweke. Alipika ugali wa mtu mmoja kwenye jiko la mkaa, akala amesimama, akaosha sahani moja. Wateja walilalamika kwamba fundi Timotheo amezidi kuwa mzito, anakaa kutwa nzima kwenye majiko ya watu akitazama vipande ukutani, na yeye alimkiria dada yake siku moja kwenye simu kwamba rangi huwa ameshaiona tangu saa nne asubuhi, ila nyumba za wenzake zina sauti za watu, na hakuwa na haraka ya kurudi kwake. Alipoambiwa ahamie kwa Happyness alikataa, akisema mkewe akija atamkuta nani.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na kifua, akatibiwa na kupata nafuu, hali ikabadilika Mei mwaka huu wa 2025, akalazwa, akamkataza Happyness na ndugu wote wasimpigie simu Rebeka, kwa kuwa hakutaka arudishwe kwa huruma. Tulimtii, na Magreti atalijutia hilo. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Happyness akiwa amemshika mkono.

Mafundi wenzake walikubaliana siku hiyo hiyo kumtengenezea jeneza kwa zile mbao zake za mninga, heshima ambayo kila seremala angeitamani. Rebeka alifika Mikumi jana asubuhi, akapita katikati ya waombolezaji, akaingia jikoni, akakuta vipande vitatu vimeegemezwa ukutani juu ya ile sakafu, akaketi kwenye kigoda, akakaa navyo mpaka jioni bila kula. Jua lilipokuwa linazama alimwita fundi Valentino, mmoja wa mafundi hao wa jeneza, akamwambia mbao zile zisiguswe, jeneza linunuliwe. Watu walinong'ona kwamba hata maiti anaibania, na wa kwanza kunong'ona alikuwa Magreti huyu huyu anayewasomea, naye anaomba radhi mbele yenu. Kwani Rebeka aliinua kipande kile cha kati, akasema ni hiki, akasema mumewe alizitunza mbao hizo kwa ajili ya jiko lake, kazi ianze msiba ukishaanuliwa, na mpishi ni yeye. Ndiyo sababu jeneza hili mnaloliona ni la paini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani wa Mikumi waliokuwa wakimpelekea mboga wakijifanya zimewazidia, mafundi wenzake, hasa Valentino atakayekata mbao hizo, wateja wote waliomvumilia akikaa majikoni mwao mpaka jioni bila kumuuliza kwa nini haendi kwake, na mchungaji pamoja na kwaya. Matanga yakiisha Rebeka hatapanda gari la Ulaya, mzigo wake umeshapokelewa na umewekwa chumbani.

Kaka Timotheo, pumzika kwa amani. Mkeo amechagua rangi, na amerudi nyumbani, na wewe hupo.