Madini Joto

Wapendwa, amani ikae nanyi. Kabla sijasema lolote, nitazameni shingoni. Kifungo hiki cha juu kilikaa wazi miaka mitatu, na wengine mlidhani mama huyu ananenepa kwa faida ya biashara. Leo kimefunga. Nimeomba dakika chache niwaambie kwa nini, na kuna mahali mtanikasirikia. Nikasirikieni, ila msitoke.

Mnajua mzee wangu alichimba dhahabu Saza kabla hatujarudi huku milimani. Dhahabu waliikamata kwa zebaki, mikono mitupu. Alirudi anatetemeka, na kikombe cha chai namshikia mimi hadi leo. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno madini halikutajwa. Siku moja nikawa namsomea maandishi ya pakiti ya chumvi: "Yenye madini joto." Alisukuma sahani. "Mke wangu, hiyo ni ile ile. Sasa wanatutilia kwenye mboga."

Nikaamini. Madini, tena ya joto! Pakiti niliitupa chooni.

Nikaanza kushuka Tunduma kununua chumvi ya mawe, ile inayoanikwa juani kule pwani, halafu inapanda na malori ya Zambia. Na pale mpakani nilishaonywa kwamba neno linaweza kukudanganya. Zamani nikiuza nafaka pale, mama mmoja wa Kizambia aliniomba umucele, nami nikampimia mchele. Kumbe kwao ndiyo chumvi. Tulicheka mpaka machozi. Ningekumbuka kicheko kile, nisingesimama hapa leo.

Chumvi yangu niliiuza nyumba kwa nyumba. "Bahari tupu hii, haina madini!" Mlinunua, msikatae. Aliyejifungua nilimpelekea bakuli la bure.

Walioanza kuniambia ni mbuzi, maana nao niliwalambisha. Mmoja alizaa mtoto mfu, hana manyoya, kooni ana uvimbe kama kiazi. Nikasema bahati mbaya. Mwingine naye akazaa vivyo hivyo. Nikasema jirani ana kijicho. Kisha kifungo changu kikakataa kufunga. Jumapili moja nikageuka humu humu kuitazama kwaya ya akina mama, nikaona kola wazi, moja, mbili, nne. Wengine walijifunga vitenge shingoni na jua linawaka. Wimbo uliendelea. Niliingiwa na hofu, ndugu zangu, hofu kweli. Na Jumatatu nikaenda kuuza.

Dada wawili humu ndani waliharibikiwa na mimba mwaka ule, sitawataja. Niliwapelekea pole, na chumvi juu yake.

Halafu ikaja zamu ya nyumba yangu. Mke wa mwanangu, mimba yake ya kwanza ilitoka. Alipopata ya pili nikasema huyu namsindikiza kliniki mwenyewe. Nesi alikuwa amewaagiza wajawazito kila mmoja aje na chumvi ya nyumbani kwake, kidogo tu, kwenye karatasi. Wakazipanga kwenye benchi. Nesi akachukua kichupa cha dawa ya kupimia, akadondoshea tone la kwanza. Chumvi ikabaki nyeupe. Ya pili, nyeupe. Benchi zima, nyeupe.

"Chumvi hii mnanunua wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyeninyooshea kidole. Walinitazama tu, wote.

Nesi akafungua pakiti yake ya dukani, akadondoshea. Ikageuka zambarau. Nikamwambia, "Mwanangu, si unaona? Hayo ndiyo madini ya Saza!"

Hakucheka. "Mama, hilo ni jina tu, maana yake iodini. Hayahusiani kabisa na zebaki. Mwili unayahitaji, ukiyakosa shingo inavimba."

"Kama mwili unayahitaji, si baharini yamo? Na chumvi yangu imetoka baharini."

"Baharini yamo, lakini chumvi ikikauka juani hayabaki ya kutosha. Ndiyo maana kiwandani wanayatia. Na udongo wa milima hii umeoshwa na mvua, kwenye mboga zetu ni kidogo mno. Mtoto akiyakosa tumboni anaweza asizaliwe. Au akazaliwa, akili isifike."

Mkwe wangu alishika tumbo. "Mama," akaniuliza polepole, "miezi hii minne umenilisha nini?"

Aliyeyapa madini hayo jina lile, nadhani hakuwahi kufika machimboni, na bado nina hasira naye. Lakini mdomo uliolitembeza milimani ulikuwa wangu.

Nilichukua ndoo, nikarudi kwenye milango ile ile kuomba chumvi yangu. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mmoja wa wale dada wawili. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaimwaga chumvi kwenye ndoo yangu, akaingia ndani, nikadhani amekwenda kuchukua mwiko anipige. Akatoka na ndoo yake. "Twende wote. Peke yako watakuua." Dada, upo hapa, unajijua. Asante. Asante na nesi, aliyekuja hadi nyumbani kumweleza mzee wangu. Siku ile mzee aliitia chumvi ya pakiti kwenye mboga kwa mkono wake mwenyewe, nusu ikamwagika mezani.

Mjukuu alizaliwa akilia kwa nguvu. Nilimpapasa shingo kwanza, ndipo nikamshukuru Mungu. Sasa anatembea, na ananiita bibi.

Ninachowaomba ni hiki: neno likikutisha, muulize anayelijua kabla hujalipeleka kwa jirani. Malori yale ya chumvi bado yanapanda Tunduma, na kesho anaweza kuja kwenu mtu mwenye sauti tamu kuliko yangu.

Na kuna mtoto humu ndani, ana miaka minne, hajasema neno. Mama yake alikuwa mteja wangu. Ndiyo maana kila Jumapili mnaniona nakaa benchi la nyuma yao. Siku akisema, lolote lile, niiteni, hata nikiwa shambani.