Mapazia ya Banda la Kuku

Benchi liko nje ya duka la Fundi Cherehani, na birika la kahawa ni langu, kwa hiyo upuuzi wote wa pale hupita kwanza masikioni mwangu. Asubuhi hiyo walikuwepo Kinyozi, taulo begani. Giaboksi, dereva mstaafu. Na Profesa, ambaye chuo kikuu alikipaka rangi kwa nje. Fundi mwenyewe alitoka dukani uso umemshuka. Mama mkwe wake alikuwa amesafiri, kamwachia kuku wake wote, pamoja na jogoo mwekundu anayempenda kuliko watu. Mwisho wa wiki anarudi, na jogoo anakoroma. Tena miaka yote ya ndoa, mama huyo hajawahi kumwita Fundi mwanangu. Humwita "huyo bwana wa binti yangu," hata wakiwa wamekaa meza moja.

Fundi: Wanapiga chafya, macho yana povu. Jogoo akijaribu kuwika, inatoka sauti ya mlango mbovu. Jamani, nimekwisha.

Kinyozi: Manyoya ya shingoni hayo, yanambana pumzi. Mlete nimpunguze pembeni kidogo.

Giaboksi: Wewe kila kitu kunyoa! Kifua kimeziba hicho. Gari likikohoa hivyo, unafungua, unapuliza. Nipe mrija.

Fundi: Umpulize jogoo wa mama mkwe?

Giaboksi: Taratibu, bwana. Nimepuliza kabureta za mabasi mimi.

Profesa: Hamjui kitu. Jogoo ana upweke. Mpigie mama mkwe simu, umwekee jogoo sikioni, waongee.

Kinyozi: Kwani kuku ana sikio?

Profesa: Ndiyo maana nasema uongeze sauti.

Nikawaambia wanywe kahawa waniachie vikombe vyangu. Nani kanisikiliza? Fundi maskini wa watu alikuwa ameshatoa simu, kidole kiko juu ya jina la mama mkwe. Hapo dada mmoja mgeni, mwenye buti za mpira, aliyekuwa akisubiri kikombe chake, akauliza:

— Samahani, kaka. Hewa inaingilia wapi bandani?

Kinyozi akachungulia kikombe chake.

Fundi: Haingii, dada. Nimeziba kila tundu baridi isiwapate. Nimewashonea mapazia mazito, yenye bitana.

— Bitana?

Fundi: Na marinda.

Alilisema kwa fahari, na hapo ndipo nilipomhurumia.

Kumbe dada ni daktari wa mifugo, amehamia mtaani juzijuzi. Tukamfuata wote mpaka bandani, mimi na birika langu mkononi. Kinyozi aliingia bandani wa kwanza, akatoka wa kwanza, machozi yanamtiririka.

Kinyozi: Harufu inachoma mpaka kooni!

Daktari: Na wao wanalala humo.

Akamkagua jogoo macho na mdomo, akasema ni mafua ya kuku, na ile hewa nzito ya kinyesi kilicholowa ndiyo inayoyachochea. Basi kazi ikaanza. Kinyozi akakata mapazia, na Fundi akageuka asione. Giaboksi akatoa maranda yaliyolowa sakafuni, akamwaga makavu. Profesa akasugua vyombo vya maji. Wagonjwa wakatengwa. Daktari akamwonyesha Fundi kipimo cha dawa ya kuchanganya kwenye maji ya kunywa: asizidishe, asipunguze, wala asikatize eti kwa kuwa wamechangamka. Na mayai yasiliwe mpaka yeye aruhusu.

Profesa: Hata dawa ikiisha?

Daktari: Mpaka niruhusu.

Profesa: Nilikuwa nauliza kitaaluma tu.

Tangu hapo hakuna aliyeonja kahawa kabla Fundi hajatoa taarifa. Chafya zimepungua! Jogoo amekula! Benchi zima linapiga makofi.

Mwisho wa wiki mama mkwe akashuka na begi lake, akaenda moja kwa moja bandani, nasi nyuma yake kama washtakiwa. "Shikamoo mama" zetu zote alizijibu kwa marahaba moja. Akanusa. Akapitisha mkono dirishani. Akamwinua jogoo, akamwekea sikio kifuani, na Fundi naye akainama asikilize.

Jogoo akanyoosha shingo, akawika. Lo, aliwika! Mama mwenyewe akaruka. Kinyozi akarusha taulo lake juu, Giaboksi akamkumbatia Profesa, nami nikapiga birika kwa kijiko mpaka majirani wakatoka nje.

Mama mkwe: Binti yangu alinisimulia kila kitu kwa simu. Mimi nilijua nitakuta manyoya matupu.

Akamgeukia Fundi.

Mama mkwe: Mwanangu, hebu nipokee huyu. Mkono umechoka.

Fundi: Naam, mama.

Akampokea jogoo huku analia waziwazi, na jogoo akawika tena mikononi mwake.