Kiti cha Mama Uliza

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu wenzake, na ninyi wanafunzi wake wa zamani ambao baadhi mmeota mvi kumshinda yeye mwenyewe, familia imemtuma kitinda mimba wa kwao marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu, awasomee maisha ya dada yake, na imemwonya asirefushe, maana anajulikana. Imemwagiza pia aseme jambo moja mapema, mtu asije akatushangaa: tunalia, ndiyo, lakini tumeshusha pumzi, na sababu yake mtaisikia mbele.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Uliza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi wa mabehewa na mkewe aliyeshona mashuka ya hospitali. Nyumba zile zilikuwa na watu wa kila lugha na kila dini, wote wakipanga foleni kwenye bomba moja, na watoto waliambiwa wamsalimie kila mtu na wasimuulize mtu chochote. Hilo la pili halikumwingia kabisa. Jirani mmoja, mfunga mabehewa, alikuwa amepoteza mkono wa kulia kazini, na watoto walifundishwa kutazama pembeni akipita, lakini mwaka 1960, akiwa na miaka sita tu, dada huyu alimfuata hadi mlangoni kwake akamuuliza anafungaje kamba za viatu. Mama alimfinya sikio palepale. Yule jirani alicheka, akaketi kwenye ngazi, akamwonyesha jinsi ya kufunga kwa mkono wa kushoto peke yake, na tangu siku hiyo mtoto yule alifunga viatu vyake vivyo hivyo, kwa mkono mmoja, kwa maringo, hata pale alipochelewa shule.

Elimu ya msingi aliianza mwaka 1961 katika shule iliyotazamana na karakana ya reli, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1968 hadi 1971, kisha chuo cha ualimu alikohitimu Desemba 1973, na Januari iliyofuata akapangiwa shule ya msingi iliyo nyuma ya soko la mbao, ambako vumbi la misumeno liliingia hadi kwenye makabati ya vitabu, na hapo ndipo alipofundisha mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2014.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa na fundi redio mwenye kibanda kwenye kona ya soko hilohilo, mtu wa maneno machache, ambaye shemeji zake tunampenda kwa sababu anatuacha tuongee. Husimulia mwenyewe kwamba kabla ya kukubaliwa aliulizwa maswali mpaka akadhani anaomba kazi serikalini, akayajibu yote isipokuwa moja, na hilo moja hajalijibu mpaka leo, wala sisi hatujachoka kumuuliza.

Miaka mitano ilipita bila mtoto, na hapa ndipo kile kiti kinapoingia. Mwaka 1983 alihamia darasani kwake msichana mwenye ualbino, na hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja, wengine walidai kwamba ukimgusa unababuka. Walimu wenzake walimshauri awahutubie watoto juu ya upendo. Yeye alibeba kiti cha mbao kutoka jikoni kwake, kile chenye mguu mmoja uliotiwa gundi, akakiweka mbele ya darasa, akakikalia yeye kwanza, akatangaza kanuni mbili, kwamba aliye chini aulize chochote, na aliye kitini akishindwa aseme "napita", wala asisumbuliwe. Waliuliza mbona ana pengo, wakauliza kama mumewe anamwogopa, kisha mtoto mmoja akauliza mbona hana watoto. Angeweza kupita. Alijibu kwamba hajui, kwamba jambo hilo linamuuma kila siku, na kwamba hata hivyo anashukuru kuulizwa, maana watu wazima humwangalia tumbo tu. Wiki iliyofuata msichana yule alinyoosha mkono mwenyewe, akaomba kukaa kitini, na kabla kengele haijalia walikuwa wanagombania nani akae naye.

Baada ya hapo kila Ijumaa kiti kilipata mgeni. Alikikalia mpokea simu asiyeona, watoto wakamuuliza anaota nini usiku. Alikikalia mchimba makaburi, na muuza vitambaa wa dini tofauti na ya wengi, na baba aliyelea wanawe peke yake, aliyekiri kwamba kusuka nywele kumemshinda. Mwaka 1991 alikuja fundi cherehani aliyekimbia vita kwao, na mvulana mmoja akamuuliza, bila ubaya wowote, mbona yeye hakufa. Wazazi waliwaka. Kamati ya shule ilikaa, mwalimu mkuu akakifungia kiti stoo kwa muhula mzima, na marehemu akaambiwa ajitafutie kazi ya kufundisha, si ya kuaibisha wageni. Aliyekifungulia ni yule yule fundi cherehani, aliyefika kwenye kikao bila kualikwa, akasema, "Nyinyi wakubwa mnaniuliza nitarudi kwetu lini. Yule mtoto peke yake ndiye aliyetaka kujua nimepona vipi." Yupo hapa leo, safu ya tatu, na sare za wajukuu mnazoziona amezishona yeye bila kukubali senti.

Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1986, mvulana mwaka 1989, na binti wa mwisho mwaka 1993, na hao wamewaletea wajukuu watano, wa tano kati yao akiwa mtoto wa yule mvulana, msichana ambaye bibi yake alimwita Kibogoyo meno ya mbele yalipong'oka, na ingawa meno yameota yote, jina limegoma kutoka.

Tarehe 3 Februari 2021, saa moja asubuhi, akianika nguo, marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa wiki tatu hospitali kuu, na aliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umelala, mdomo umevutwa upande, na maneno yanatoka mazito. Hapa familia inasema wazi, kwa ruhusa yake mwenyewe aliyoitoa akiwa hai: aliona aibu. Mwanamke aliyekaa miaka yote akiwafundisha watoto wa wenzake kwamba hakuna sura ya kufichwa, aliomba pazia nene litundikwe mlangoni, akakataa majirani, akakataa wanafunzi wake, na akasema wajukuu wasiingie hata kidogo, wasije wakaota mabaya. Mumewe alimlisha nyuma ya pazia lile. Wajukuu waliambiwa bibi amelala, na bibi akaendelea kulala Machi, Aprili, Mei, hadi Agosti, na sisi wengine tukaanza kuogopa kwamba atatutoka hivyohivyo, amejificha, na yote aliyoyafundisha yatazikwa kabla yake.

Kilichotuokoa ni woga wa Kibogoyo. Alikuwa na miaka sita, na akili yake ilikwishakata shauri kwamba bibi alikufa zamani na wakubwa wamemficha mle chumbani, kwa hiyo kila alipoletwa pale alipita kwenye ule mlango akikimbia, amefumba macho, na siku moja akajigonga kwenye kabati akapasuka paji. Baba yake Kibogoyo alimweleza marehemu, mama yake, ukweli huo kupitia pazia. Kesho yake, Jumapili ya tarehe 5 Septemba 2021, baada ya chai, alimwita mumewe akamwambia neno moja, "Kiti."

Kilitolewa stoo ya nyumbani, kilikokaa tangu alipostaafu, kikafutwa vumbi, kikawekwa sebuleni, naye akashikiliwa pande mbili akakaa, pazia likafunguliwa. Wajukuu waliingia wamebanana. Kibogoyo, bandeji usoni, alimkagua kuanzia nywele hadi miguu, kisha akauliza, "Bibi, ulikufa?" Bibi akasema, "Bado." Tulicheka, na yeye akacheka kwa ule upande mmoja uliokubali, kicheko cha kwanza tangu Februari. Akaulizwa kama mdomo unauma, akajibu kwamba hauumi, una uvivu. Akaulizwa kama mkono utaamka, akatazama chini, akasema, "Napita," na hakuna aliyemsumbua. Ndipo Kibogoyo alipogundua kwamba mkono mmoja hautoshi, akanyoosha mguu wenye kiatu kilichofunguka, akamuuliza sasa atafungaje kamba. Marehemu aliuvuta ule mguu mapajani, akafunga kwa mkono wa kushoto peke yake, kama alivyofundishwa ngazini na mtu ambaye watoto walikatazwa kumtazama, na akaifungua, akaifunga tena polepole, ili mtoto aone. Shemeji yetu, mtu wa maneno machache, alitoka nje akalia kwa sauti.

Pazia lile halikurudi. Aliishi miaka miwili na zaidi barazani, kwenye kiti chake, akiulizwa na kila apitaye, mpaka tarehe 9 Novemba 2023 alipopatwa na kiharusi cha pili, na tarehe 17 Novemba, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alifariki dunia, mlango wa wodi ukiwa wazi na wajukuu wote watano wamemzunguka. Hiyo ndiyo pumzi tuliyoishusha, kwamba hakuondoka amejificha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, na kwa namna ya pekee yule daktari aliyeulizwa na Kibogoyo kama bibi anasikia, akapiga magoti kwenye korido akamjibu kwa kirefu. Inawashukuru majirani waliopika na kufua, walimu wa shule ya nyuma ya soko la mbao, na ndugu wote mliofika kutoka mbali.

Mwisho, mtoto yeyote aliyepo hapa na ana swali, hata kama ni kuhusu jeneza, hata kama mama yake amemfinya anyamaze, asogee. Kile kiti kiko pale mbele, na leo tutakikalia kwa zamu sisi wakubwa.

Pumzika kwa amani, dada. Umeulizwa vya kutosha, sasa ni zamu yetu.