Siku Mke Mwenzangu Alipofunga Mzigo Wake

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Lo, hiyo amina ni ya watu wasiokunywa chai. Mimi nimetoka Adu tangu alfajiri, nimepanda lori la makaa, nimefika hapa Malindi na vumbi mpaka kwenye nyusi, na bado sauti yangu iko juu kuliko yenu. Nasema Bwana asifiwe! Ahaa, sasa tumeanza.

Naitwa Jumwa, Mama Dama. Ninyi mliotoka bara, mnaofanya kazi mahotelini na maofisini, mtanivumilia, maana Kiswahili changu kina Kigiriama ndani. Dada mmoja pale mlangoni ameniambia nishuhudie kwa unyenyekevu. Aka! Leo sikuja na unyenyekevu, leo nimekuja kujivuna. Sijivunii nafsi yangu, nina nini mimi? Najivunia mke mwenzangu. Ndiyo, mmesikia sawasawa, acheni kutazamana. Mke mwenza, tena mkubwa wangu, ndiye nitakayemsifu hapa mbele mpaka mchungaji aniambie nikae.

Ndugu zangu, mimi nilizaliwa Sabaki, katika nyumba ya watu walioamini mizimu na waganga. Charo wa Adu alipokuja kuniposa alikuwa tayari ana mke, na mke huyo ni Kache, Mama Sidi. Mama yangu alinifunga hirizi kiunoni akaniambia, "Mwanangu, huko unakokwenda kuna mwanamke. Usile chake, usinywe chake, na nguo yako usiiache kwenye kamba jua likizama." Mnajua mambo ya kwetu. Mke mdogo akiumwa na kichwa, ni mke mkubwa huyo! Mtoto wa mke mdogo akiharisha, ni mke mkubwa! Basi niliingia nyumba ya Charo nikiwa na woga mwingi kuliko nguo.

Kumbe Kache alikuwa ameokoka kabla sijafika. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo katika kanisa letu la udongo pale Adu. Charo aliponioa, Kache alilia, amenieleza mwenyewe baadaye, kisha akafuta machozi akaenda kuifagia nyumba nitakayokaa mimi. Na kila siku aliniletea chakula, sima na mboga, mara samaki mkavu wa nazi akipatikana. Mimi napokea kwa mikono miwili, nasema ahsante dada, nangoja ageuke mgongo, halafu namwagia kuku. Kuku wangu walinona, ndugu zangu! Walipendeza kuliko mimi mwenyewe. Nilipomzaa Dama, Kache ndiye aliyenikanda maji moto mpaka nikasimama vizuri, na mimi wakati wote huo mkono mmoja umeishika hirizi. Mwanamke ananikanda mgongo kwa mapenzi, mimi nangoja kufa.

Hayo ndiyo maisha yangu ya kwanza. Woga asubuhi, woga mchana, woga nikichota maji.

Sasa sikilizeni. Kache alimwombea mume wetu kwa muda mrefu, na Mungu akajibu. Charo akaokoka! Haleluya! Akaacha pombe ya mnazi, akaacha matusi, akawa anarudi nyumbani jua bado liko juu. Hata mimi ambaye sikuwa wa kanisa nilifurahi, maana ni nani hapendi mume anayerudi na akili zake? Akaingia darasa la ubatizo. Na huko ndiko jambo lilikotokea, maana wazee wa kanisa walikuwa na kanuni waliyoikuta. Mwanamume mwenye wake wawili habatizwi. Ni lazima abaki na yule wa kwanza, na yule wa pili arudishwe kwao kwa amani.

Wa pili ni nani? Ni mimi!

Charo alinifuata shambani nikichimba muhogo, Safari wangu, kitinda mimba, yuko mgongoni amelala. Akasimama pale anashika jembe langu, anaachia, anashika tena. Akaniambia wazee wamesemaje. Nikamwuliza neno moja tu, "Na watoto, Baba Dama?" Akalishika tena jembe langu. Nikajua. Maana kwetu sisi mahari yakishatolewa, watoto ni wa baba na ni wa mji wake. Dama na Kazungu, wale wakubwa wangu, watabaki Adu. Safari naye nitakwenda naye Sabaki, lakini akiacha ziwa atakuja kuchukuliwa. Ndugu zangu, nyinyi akina mama mlioko hapa, sina haja ya kuwaeleza. Niliketi kwenye lile tuta la muhogo nikawa siwezi kuinuka.

Na nilimkasirikia Mungu, siwafichi. Nikasema, kumbe sumu ya Kache haikuwa kwenye chakula, ilikuwa kwenye maombi! Ameomba mpaka nimetolewa kwa wanangu, na yeye amebaki na mume peke yake. Siku ile ile wanawake wa kanisa walikuja mlangoni kwake na vigelegele. Nyumba zetu zinatazamana, nikawasikia kila neno. "Mama Sidi, Mungu amekukumbuka! Umerudishiwa mume wako!" Kache akawapa maji ya kunywa, akawaambia ana mahindi ya kutwanga, kwaherini. Hakuimba tena wiki ile. Mimi nikasema moyoni, anajidai, anaficha furaha yake.

Ikafika Jumapili. Mpango wa wazee ulikuwa nisimamishwe mbele ya watu wote, niombewe, kisha mzee mmoja anisindikize mpaka barabarani nipate gari. Nilifunga mzigo wangu katika leso. Safari mgongoni, Kazungu amebebwa na baba yake. Dama ndiye aliyenimaliza. Alinishika leso kiunoni, nikimbandua upande huu anashika upande ule, na hasemi kitu, wala halii. Tukaingia kanisani hivyo hivyo, anavutwa kama mbuzi.

Mzee wa kanisa akasimama. Jina lake silitaji, alikuwa mtu mwema, alikuwa anafuata alivyofundishwa. Akasoma, akaomba, akasema, "Mama Sidi, njoo usimame na mume wako." Watu wakageuka. Kache akainuka kwenye benchi la mbele la waimbaji, na badala ya kwenda kwa Charo, akatoka nje! Watu wakanong'ona kwamba ameona haya. Kidogo tu, tukamwona anarudi. Kichwani ana mzigo wake, kumbe alikuwa ameuficha nje, umefungwa barabara, na sufuria yake imefungiwa juu. Akapita katikati ya watu, akaja akasimama kando yangu mimi.

Nataka niyaseme maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyabeba tangu siku hiyo. Alisema, "Shikamooni wazee wangu. Mmesema abaki mke mmoja, na mimi nimekubali. Basi abaki Jumwa. Mwanangu Sidi ameshaolewa, hakuna anayenishika nguo. Huyu mnamtoa na maziwa kifuani. Mimi nitakwenda kwa kaka yangu. Nipeni huyo mzee wa kunisindikiza."

Jamani! Mzee akasema, "Lakini Mama Sidi, wewe ndiye mke wa kwanza, kanuni inakutetea wewe!"

Kache akajibu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, msidhani alikuwa jasiri sana. "Inanitetea dhidi ya nani, mzee wangu? Huyu hajanikosea. Miaka yote nasimama hapa nasema nimeokoka, nawapenda watu. Watu gani, wa Mombasa? Mtu wangu wa karibu ndiye huyu, tunachota maji mahali pamoja. Nikibaki kwangu kwa kumtenga yeye na wanawe, Jumapili ijayo nitaimba wimbo gani? Nifundisheni huo wimbo, wazee wangu, maana mimi siujui."

Ndugu zangu, mwanamke mmoja katika wale wa vigelegele akaanza kulia kwa sauti. Charo akaketi chini, pale pale kwenye udongo, na Kazungu mapajani. Yule mzee akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mwisho akasema, "Rudini nyumbani nyote. Jambo hili leo limetushinda." Tukarudi, mizigo miwili vichwani, na Dama katikati, mkono mmoja umeshika leso yangu na mkono wa pili leso ya Kache.

Mchana Kache akapika, akaniletea sahani kama kawaida yake. Mara hii sikungoja ageuke. Nilikaa mbele yake nikala ile sima, nikala mboga, nikafuta sahani kwa kidole. Kache akanitazama, akasema, "Maskini kuku, leo watalala njaa." Kumbe alijua! Miaka yote alijua, na aliendelea kupika! Nilicheka mpaka nikalia, na nilipolia sikuweza kujizuia. Nikaikata ile hirizi kwa kisu cha mboga nikaitupa motoni. Nikamwambia, "Dada, niombee na mimi nimpate huyo Mungu wako, maana mganga yeyote niliyemjua hawezi kumfanyia mtu hivi." Tukapiga magoti jikoni, kwenye majivu na maganda ya muhogo, na hapo ndipo nilipookoka. Tangu siku hiyo sijamwogopa mtu wala jini. Mpigieni Bwana makofi!

Msidhani mambo yalinyooka siku ile. Ubatizo wa Charo ulisimamishwa. Kache naye akaambiwa kwamba amewapinga wazee, kwa hiyo asiongoze nyimbo, asishiriki meza ya Bwana, akae benchi la nyuma mpaka jambo liishe. Mngemwona alivyolihamia lile benchi! Alikuja na mkeka wake na kibuyu chake cha maji, kama mtu aliyealikwa harusini. Tukakaa watatu, Charo katikati, mimi huku, Kache kule. Wakaanza kuja wengine. Wake wa pili wa Adu, wake wa tatu, wanawake waliokuwa wakipita mbali na kanisa kwa kuogopa kwamba wokovu utawatenga na watoto wao. Walisema, "Tumesikia kuna mama aliyefunga mzigo kwa ajili ya mwenziwe. Tunataka Mungu wa mama huyo." Benchi likajaa, tukaongeza jingine, yakaisha, watu wakatandika mikeka. Huku nyuma tukawa wengi kuliko mbele! Na nyimbo zilitoka nyuma, mpende msipende. Nani angemnyamazisha Kache akiwa amekaa?

Wazee wakaona. Yule yule mzee wa miwani ndiye aliyekwenda kwa mchungaji, akakaa naye, akarudi, wakakaa tena. Mwisho wakasema kwamba mtu aliyeoa kabla hajaokoka asivunje nyumba. Abatizwe yeye na wake zake, ila asiongeze mwingine, na asiwe mzee wa kanisa. Charo akainua mkono akasema, "Wazee, hawa wawili wamenishinda, wa tatu nimpeleke wapi?" Kanisa zima likacheka, na yule mzee akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Tukabatizwa kwenye bwawa la kunyweshea mifugo, ng'ombe wakitutazama, matope mpaka magotini. Haleluya! Siku hiyo hiyo watoto waliwekwa wakfu. Safari alikuwa ameshaanza kukimbia. Mchungaji akamwinua akauliza, "Mama wa mtoto huyu ni nani?" Tukaitika sote wawili kwa mara moja, "Ni mimi!" Mchungaji akatutazama, akatazama mtoto, akasema, basi mama zake wasogee. Tukasogea. Nilipotazama pembeni Kache alikuwa analia, na mimi nilikuwa nimeinua kichwa juu kama mke wa chifu.

Yupo hapa leo. Yule pale mwenye leso ya kijani, anayejifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Kache, inuka wakuone! Haya, amekataa. Mwacheni, ana aibu. Lakini mimi sina aibu. Nampigia kifua! Mimi nina mke mwenza ambaye wengi wenu hamna hata dada kama yeye!

Ndugu zangu, nimeona watu wengi wanaosema wameokoka. Nimesikia wanaoomba mpaka makuti yanatikisika. Ni vizuri, ombeni. Ila mimi ukitaka nijue umeokoka, usinihesabie mifungo yako. Nionyeshe yule anayelala na wanawe leo kwa sababu wewe ulikataa atolewe. Namshukuru Mungu, maana Kache akiulizwa hivyo, atanionyesha kwa kidole. Dama wangu, Kazungu wangu, Safari wangu, wote walilala kwangu jana.

Na wewe uliye pale mlangoni, unayetamani kuingia na unaogopa watu wake Yesu, nakujua, mimi nilikuwa wewe. Ingia. Mwamini huyo aliyemfundisha Kache kupenda, yeye hana hila. Njoo ukae na sisi, na ikitokea siku watu wakasema utoke, mimi na Kache tutabeba mizigo yetu, tutatoka na wewe. Utukufu ni wake Bwana, na mimi sasa nakaa.